Sukari kwenye protini, ipi mbaya ipi nzuri?

SWALI: Habari za kazi dokta. Wiki iliyopita nimepima HbA1c ikatoka asilimia 7.1, nikaambiwa hiyo ni sukari iliyonata kwenye himoglobini, ile protini ya kwenye chembe nyekundu za damu. Sasa mdogo wangu anasomea maabara, anasema kila mtu ana sukari kwenye protini na mafuta ya seli zake na bila hizo hatuishi. Nishike lipi, na nifanyeje zibanduke?

JIBU: Pole ndugu yangu, na umefanya vizuri sana kupima. Wote wako sahihi, ila wanaongelea vitu viwili tofauti kabisa.

Hiyo ya kwako, glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, inajinatia yenyewe tu kwenye himoglobini, ikizidi inanata zaidi, haikupangwa, na ikishanata haibanduki, inaondoka pale chembe nyekundu inapokufa, na chembe inaishi kama siku 120. Ndo maana kipimo kinaonyesha miezi miwili mitatu iliyopita, hata ukijinyima siku moja kabla hakibadiliki. Kuanzia 6.5 tunahesabu kisukari, japo kama huna dalili kipimo kinarudiwa kuhakikisha.

Sukari anazosema mdogo wako zinapachikwa na vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi za kemia mwilini, ndani ya seli, moja moja kwa mpangilio, kama mtu anatunga shanga. Chukua kundi la damu. Watu wa A, B na O wana mnyororo uleule wa sukari kwenye chembe nyekundu, ila A kaongezewa sukari moja mwishoni, B kaongezewa nyingine inaitwa galaktosi, O hajaongezewa kitu. Basi! Sukari moja tu, lakini mtu wa O akiwekewa damu ya A kinga yake inaivamia na anaweza kufa.

Na mafua makali ya influenza je? Kirusi chake kinaingia kwa kushika asidi ya sialiki, sukari inayokaa kwenye ncha ya minyororo hiyo kwenye seli za njia ya hewa, halafu virusi vipya vikitaka kutoka inabidi viikate ncha hiyohiyo, na dawa ya oseltamivir inazuia huo mkasi.

Kinachoniuma zaidi ni ugonjwa wa Gaucher, mtu anazaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha kuvunja mafuta yaliyobeba glukosi, yanarundikana kwenye bandama, ini na uboho, tumbo linavimba, mifupa inauma, na jina la ugonjwa wengine wanalijua baada ya miaka ya kuhangaika. Tiba ipo, kimeng'enya kinatiwa kwa mshipa, na hicho nacho kinaandaliwa minyororo yake ya sukari iishie na sukari inayoitwa manosi, maana seli zinazokihitaji zinakidaka kwa kushika hiyo manosi.

Kwa hiyo usiogope kwamba ukipunguza vitu vitamu seli zitakosa shanga, zinajitengenezea zenyewe. Punguza, fuata dawa ulizopewa, rudia kipimo baada ya miezi mitatu. Ila kama una selimundu, upungufu wa damu au uliongezewa damu karibuni, waambie kabla hawajakutoa damu, maana hapo HbA1c inaweza kudanganya.