Je, seli T huiua sumu ya bakteria?

Swali: Naandika makala ya sayansi kwa wanafunzi wa sekondari. Nimeandika: “Bakteria ikitoa sumu, seli T zinaishambulia na kuiua.” Mwenzangu anasema sentensi hii ina makosa. Yako wapi?

Jibu: La kwanza ni dogo. Bakteria ni kiumbe hai, hivyo mpe upatanisho wa viumbe hai: bakteria akitoa, bakteria wakitoa. Kosa zito ni kitenzi “kuua”. Hukiui kisicho na uhai. Sumu unayoizungumzia ni protini. Bakteria aliyeitoa anaweza kufa na sumu ikabaki na makali yake yote. Ukimwambia mwanafunzi kwamba sumu imeuawa, umemfunza sayansi potofu.

Tena seli T, aina ya chembe nyeupe ya damu inayoulinda mwili, haikabiliani na sumu nzima. Kwa kawaida seli nyingine huimeza, huikatakata, kisha huonyesha kipande chake juu ya utando wake. Seli T yenye kipokezi kinacholingana na kipande hicho ndiyo huitikia. Nakipenda sana kitenzi hiki hapa, kwa sababu anayeitikia ameitwa, na seli T kweli husubiri kuitwa. Ikishaitikia hugawanyika, na zile seli T saidizi huzichochea seli B, chembe nyeupe za aina nyingine, kutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga. Kingamwili ndizo huinasa sumu isiweze kuzidhuru seli za mwili, kwa hiyo sema “huizima sumu”. Chanjo ya pepopunda hufuata njia hiyohiyo, ila sumu yake imeondolewa makali kwanza kwa kemikali iitwayo formalini.

Lakini kuna sumu zinazougeuza mpango huu, na hapo kauli ya kitenzi ni muhimu mno. Zinaitwa supaantijeni, baadhi hutolewa na bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Hazisubiri kukatwakatwa. Hujishikiza pembeni na kukiunganisha kipokezi cha seli T na molekuli inayobeba vipande kwenye seli nyingine, bila kujali ni kipande gani kimebebwa. Kipande cha kawaida huitikiwa na seli T chache sana, pengine chini ya moja kati ya 10,000. Supaantijeni inaweza kuamsha hadi asilimia 20 ya seli T zote. Saitokini, yaani protini ambazo seli za kinga hutumia kupashana ishara, humwagika kwa wingi, homa hupanda, shinikizo la damu huporomoka.

Katika hali hiyo usiandike “seli T huishambulia sumu”. Mtendaji ni sumu: “Sumu huziamsha seli T ovyo,” au kwa kauli ya kutendwa, “Seli T huamshwa ovyo na sumu.” Hata “seli T huamka” haitoshi, kwani inamficha mtendaji, na msomaji atadhani zimeamka zenyewe.

Sentensi yako ningeiandika hivi: “Bakteria akitoa sumu, seli T huitikia vipande vya sumu hiyo na kuzichochea seli B zitengeneze kingamwili za kuizima.” Nimetumia hu- kwa kuwa ni jambo la kawaida, si la sasa hivi. Ila hu- haikubali kirejeshi, wala haiungani na kiambishi cha nafsi au ngeli cha kiima (mtendaji): usiandike “zinahuitikia”. Ukihitaji kirejeshi, andika “seli T ziitikiazo” au “zinazoitikia”, na katika ukanushi “seli T haziitikii”.