Maswali na Majibu: Onyo la Mvua Limetoka, Bahari Inajaa Saa Ngapi?

Nimetumiwa ujumbe wa WhatsApp kwamba Mombasa itafurika kesho. Ni kweli? (Kisauni)

Ujumbe huo una tarehe? Una saa ya kuanza na ya kuisha? Unataja kaunti? Kama hauna, ufute na usimtumie mtu. Onyo la Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa huwa na yote matatu. Swali hili huja kila masika, na mara nyingi hiyo "kesho" ni ya mwaka uliopita.

Onyo linasema zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Hiyo ni mvua nyingi? (Tudor)

Nyingi. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Paa la mabati la mita 10 kwa 6 likipigwa na milimita 50 linamwaga lita 3,000, yaani madumu 150 ya lita 20, na hilo ni paa moja tu. Mvua hiyo ikinyesha polepole usiku kucha, mchanga utainywa sehemu kubwa. Ikishuka yote kwa saa moja juu ya lami na saruji, haina pa kwenda ila mtaroni.

Lakini Mombasa tuna hesabu ya pili, ambayo onyo la mvua halikwambii: bahari. Mitaro mingi ya kisiwani inamwaga baharini. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kwa kawaida hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Bahari ikijaa inaziba mdomo wa mtaro, na mvua itakayoshuka wakati huo inarudi barabarani. Kwa hivyo onyo likitoka, tazama jedwali la maji kujaa na kupwa, au muulize mvuvi. Saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kujaa, usiwe njiani sehemu za mabondeni.

Siku za maji mafu, bahari isipopanda sana, kuna nafuu, mradi mtaro haujajaa chupa na mifuko, na hizo hazikuingia zenyewe. Mitaro izibuliwe Februari, kabla ya masika, na taka zibebwe siku hiyo hiyo. Zikirundikwa ukingoni, mvua ya kwanza huzirudisha ndani.

Onyo lilitoka, Bamburi hatukuona hata tone. Kwa nini tuwaamini?

Onyo ni la kaunti nzima na linataja uwezekano. Wingu moja laweza kumwaga Likoni na kuiacha Bamburi kavu. Safari ijayo huenda ikawa kinyume.

Tuktuk inaweza kupita maji ya kina gani? (Dereva, Likoni)

Maji usiyoona chini yake, usiyapite. Yakiwa na kasi, sentimita 15 zinatosha kumwangusha mtu mzima, 30 huelesha gari dogo, na 60 huyabeba magari mengi. Tuktuk ni nyepesi kuliko gari dogo. Tena, mfuniko wa mtaro ukiwa umeibwa, shimo hulioni hadi gurudumu la mbele liingie. Desemba 2021 basi lilizama katika Mto Enziu, Mwingi, likijaribu kuvuka, na watu zaidi ya 30 wakafa huku wengine wakitazama kutoka ukingoni. Nawe abiria, dereva akikataa kugeuza, shuka.

Maji yakiingia nyumbani, umeme nizime lini?

Yakiwa bado mlangoni. Zima swichi kuu ukiwa umesimama pakavu, mkono mkavu. Yakishafika kwenye soketi, usirudi ndani kwa ajili ya televisheni wala godoro: toka, upigie Kenya Power 97771. Kuna mtu amekwama? Msalaba Mwekundu ni 1199, polisi 999. Simu ichajiwe mara onyo linapotoka.

Mafuriko yamekwisha na maji ya kisima chetu ni maangavu. Tunywe?

Hapana. Mitaani mwetu choo cha shimo mara nyingi kiko hatua chache tu kutoka kisimani, na mwamba wa matumbawe una nyufa zinazopitisha uchafu bila kuuchuja. Kipindupindu hakibadilishi rangi ya maji. Chemsha hadi yatokote, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha subiri dakika 30. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu tope humaliza nguvu ya klorini.