MGB ya zamani pa nyumba: anza na badikesi, rangi ingoje

Mudogo, umeuliza kama mutu ambaye hajawahi kushika kle (spana) anaweza kuchukua gari ya spoti ya zamani aitengeneze mwenyewe ndani ya lupango, na kama hiyo MGB, ile gari ya spoti ya Kiingereza wanakuuzia, imelala miaka chini ya mwembe, ni ya kununua ao ni ya kuacha. Nakujibu kwa ile yangu juu nilipita njia hiyo hiyo hapa Lubumbashi, kwetu Bel-Air, na nilianza nikiwa najua kubadilisha tairi tu.

Yangu ni ya 1966, ilitokea upande wa Zambia, usukani kuume. Muzee mmoja aliipitisha mpakani Kasumbalesa zamani ikabaki kwake mpaka matairi yakazama kwenye udongo. Niliipenda siku ile ile, na siku ile ile njo nilikosea, nilitazama rangi, viti na moteri, sikulala chini nitazame tumbo.

Sikiliza vizuri hapa. MGB haina shasi ya kando kama Land Cruiser, mwili wake njo shasi. Na juu ile ya wazi haina paa, kinachoibeba pale katikati ni badikesi, kile chuma kirefu cha chini ya mlango, mabati ya tabaka tabaka yaliyofungwa kama sanduku. Mvua ikianza novemba maji yanaingia mule, udongo wetu mwekundu unayashika mpaka aprili, chuma kinaoza kutoka ndani huku nje rangi inang'aa. Mimi nilikuja kupitisha sumaku wakati nimeshalipa: hapa inashika, pale inaanguka, mutu alikuwa amejaza mastiki akapaka rangi juu yake.

Basi nikaita fundi wa kuchomelea. Tukaiinua na kriki mbele na nyuma, tukaona iko sawa. Kabla hajakata, kidole changu kilikuwa kinapita kati ya mlango na bati la nyuma. Akakata badikesi ya kushoto, tukasikia sauti ndogo tu, kaa, na ile nafasi ya juu ikafunga, mlango ukabanwa haufunguki tena. Gari ilikuwa inajikunja katikati, mimi nimesimama na tochi nadhani nimeiua. Tuliiokoa polepole: kriki moja katikati na kipande cha mbao juu yake, kupandisha kidogo, kupima, kupandisha tena, mpaka kidole kikapita. Halafu tukachomelea bomba la mraba kutoka nguzo ya bawaba mpaka nguzo ya kufuli, pande zote mbili, njo tukaendelea. Wiki mbili zilipotea na dola ambazo nilikuwa nimeweka kwa ajili ya viti. Kwa hiyo wewe bomba kwanza, kukata baadaye, upande mmoja unamaliza kabisa kabla ya kugusa wa pili, na fundi akisema haina haja mwambie hii ni gari yangu.

Kitu kingine ni kle. Boloti za MGB ni za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, kle ya 13 inaingia lakini inacheza, unavuta mara mbili kichwa cha boloti kimekuwa duara na boloti imeoza mule, siku yako imekwisha. Tafuta 7/16, 1/2 na 9/16 kabla ya kitu chochote, hata za mutumba. Mimi nilizipata kwa muzee aliyekuwa fundi mitambo, hakutaka kuziuza, alinikopesha na kila jioni nilizirudisha zikiwa zimefutwa mafuta.

Na bateri, tafadhali. MGB za mpaka 1967 masi yake (ule waya wa bateri unaofungwa kwenye mwili wa gari) iko kwenye plus, si minus kama gari za leo, na bateri ni mbili za volti 6 nyuma ya viti. Mimi niliweka moja ya volti 12 nikaifunga kama nilivyozoea kwa gari ya baba, ule mshale wa kuonyesha mizunguko ya moteri ukafa palepale. Sasa nimeandika kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko: PLUS NI MASI, juu sitaki fundi mwingine arudie.

Moteri haikunisumbua sana. Ilikuwa imeshikana, tukatoa bujii, tukamimina mazutu (dizeli) na mafuta ya moteri ndani ya silinda, tukangoja siku nane, halafu kuzungusha kwa mkono, usiivute na gari nyingine. Siku ya kuwasha zungusha ufunguo bila kupiga stata usikilize nyuma: pampu ya petroli inapiga tik tik tik, inapunguza, inanyamaza. Ikinyamaza karbirateri zimejaa. Isiponyamaza petroli inamwagika mahali ao tanki ni tupu, zima, tafuta. Ile siku yangu iliponyamaza nilikaa kwanza, nilikuwa nimeingoja miezi kumi na moja.

Freni fanya kabla gari haijatembea hata mita tano ndani ya lupango. Mipira yote mipya, na zile hozi za mbele hata kama nje zinaonekana nzima, ndani zinavimba na kuziba.

Piesi zisikutishe. Zilitengenezwa zaidi ya laki tano kati ya 1962 na 1980, njo maana badikesi mpya bado zinatengenezwa, na Uingereza tangu 1988 wanauza hata mwili mzima mpya. Kwa gari ya spoti iliyotoka chache nisingekupa moyo hivi.

Jumamosi nenda na sumaku, hata ya spika ya redio, na bisibisi. Pitisha chini ya milango yote miwili, halafu mwombe mwenye gari ruhusa uiinue kidogo na kriki nyuma ya gurudumu la mbele, tazama nafasi ya mlango. Ikibadilika, nusu ya bei ao urudi nyumbani. Nitumie picha za badikesi kabla hujatoa pesa, za rangi sihitaji.