Mnawapumzisha mpaka wanashindwa kuinuka

Barua za safari hii ni magoti, presha na sukari, kama desturi. Wale mlioniuliza tena iwapo maji ya ndimu huyeyusha mafuta ya tumbo: hayayeyushi. Tuendelee.

*Mama yetu ana miaka 72, tuko Kisauni. Magoti yanamsumbua, kwa hivyo tumemwekea msichana wa kazi. Hapiki, hafui, hata maji ya kunywa huletewa alipo. Lakini kila mwezi azidi kulegea. Tumnunulie vitamini gani?*

Vitamini za nini? Mrudishieni kazi zake. Mmemfanyia wema, Mungu awalipe, ila msuli usiotumika hunyauka, na kwa mtu wa miaka 72 hunyauka upesi na kurudi kwa taabu. Paja likinyauka, mzigo wote unaangukia goti. Goti likiuma, mama anakaa zaidi, na nyinyi mnazidi kumwambia apumzike. Niliuguza wodini miaka 31. Nimepokea wazee walioingia kwa miguu yao na homa tu, wakalazwa siku kumi, jamaa wakiwalisha kwa kijiko na kuwakataza hata kuketi, wakatoka wakisukumwa kwa kiti cha magurudumu.

Anzeni na kiti cha mbao, kigumu, mgongo wake uegemee ukuta kisiteleze. Aketi, asimame, aketi. Akiweza asishike kitu, asipoweza ashike meza. Mara tano asubuhi, mara tano jioni, na wiki zikipita muongeze. Goti likilalamika kidogo si neno. Likivimba au likiwa la moto, apelekwe kwa daktari. Kisha jikoni arudi: achambue mchicha, atoe mbaazi maganda, aende mwenyewe dukani akanunue ndimu na asimame na majirani wapige porojo. Mbuzi ya kukunia nazi ndiyo muiweke kando, kile kiti ni cha chini mno kwa goti bovu.

Na zile tembe za diclofenac mnazomchukulia duka la dawa bila cheti (hamkuziandika, lakini nawajua) zitupieni jicho. Zinatuliza maumivu huku zikichoma tumbo, zikichosha figo na kupandisha presha. Mtu wa umri wake hazitafuni kama njugu.

*Presha yangu ilikuwa 170/100. Nimemeza dawa miezi miwili, sasa ni 130/80. Kwa kuwa nimepona nimeacha dawa. Naweza kurudia papa mkavu? (Mzee wa Majengo)*

Hukupona, mzee wangu. Hiyo 130 ni kazi ya dawa, na ukiiacha itapanda tena bila hodi, maana presha haina kelele. Wengi husikia sauti yake mara ya kwanza siku mkono na mdomo vinapopinda. Rudi kliniki wiki hii, si mwisho wa mwezi. Papa mkavu umroweke usiku kucha, maji uyamwage, umle mara mojamoja. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na hesabu hiyo inajumlisha achari, mkate na vile vidonge vya mchuzi.

*Kahawa chungu kibarazani kila jioni, ina madhara kwa mtu wa miaka 66?*

Kahawa haina kesi, kesi ni ile haluwa ya pembeni. Ila ukinywa vikombe vinne baada ya magharibi usiniandikie kuomba dawa ya usingizi.

*Baba ana sukari, anajidunga insulini, na hataki kusikia habari ya kuacha kufunga. Tufanyeje?*

Swali hili hunijia kila mwaka tarehe 27 Shaabani, watu wakitaka jibu kabla ya mwezi kuandama. Dozi za insulini hazipangwi kwa simu usiku mmoja. Mpelekeni kliniki wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani. Huko wataangalia kama anafaa kufunga, na akifaa dozi zitapangwa upya. Mashine ya kupimia iwe mfukoni, kwani wanavyuoni wengi wamesema kutoboa kidole hakufunguzi. Kipimo kikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 (kwa mashine ya mmol/L), afungue pale pale, hata kama muadhini amebakisha dakika kumi. Baba akiona ni aibu, msomeeni Suratul Baqara, ruhusa ya mgonjwa imo humo. Na futari isiwe kaimati zilizoogelea shira na jagi la juisi. Nimeona sukari nyingi zikipanda usiku wa Ramadhani kuliko zilizoshuka mchana.

*Bibi, miaka 76, huamka usiku mara tatu kwenda chooni na ameteleza mara mbili. Tunampa Piriton alale moja kwa moja.*

Acheni leo! Kwa mzee dawa hiyo ya mzio huleta kizunguzungu, humchanganya akili na inaweza kuzuia mkojo. Ataamka vivyo hivyo, ila sasa amelewa. Nyonga ikivunjika katika umri huo, wengi hawarudi kutembea walivyokuwa. Ondoeni mkeka njiani, washeni taa ya ukumbini usiku kucha, fundi apige bomba la kushikia karibu na choo. Ndara zilizolika soli zitupwe. Maji anywe zaidi mchana na apunguze baada ya isha, lakini asiyaache: kiu hupungua kwa uzee, na joto la Mombasa halimngojei mtu asikie kiu. Akimeza dawa ya presha inayokojoza, muulize daktari kama aimeze asubuhi. Na apimwe sukari. Kukojoa mara tatu usiku kuna sababu, na hamkuitafuta.

*Babu hasikii, televisheni inapasua ukuta. Watoto wanasema ni ubishi tu.*

Pengine ni nta. Apimwe masikio. Asiyesikia hujitenga na mazungumzo, na upweke humla mtu.

*Mama ana miaka 74 na bado anauza mahamri na viazi karai mlangoni, Mji wa Kale. Sisi wanawe tunafanya kazi nzuri, tunaona haya watu wanavyotusema. Tumwachisheje?*

Msimwachishe. Anaamka alfajiri, anasukuma unga, anahesabu pesa kichwani, anasalimiana na mtaa mzima kabla nyinyi hamjafungua macho. Mkiwa na haya ya kutumia, mnunulieni meza ya juu asiiname kwenye karai, na mmoja wenu awe anambebea gunia la makaa.