Maswali yenu ya fizikia: nini kinasafiri, nini kinabaki?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliomaliza mekanika na sasa wamebanwa na mawimbi, umeme na optiki. Nimejibu tano.

Shikamoo mwalimu. Mekanika nilipata A. Sasa tumeingia mawimbi, fomula nimekariri zote, lakini swali likija nakwama. Nakosea wapi? (Mwaka wa kwanza, Dodoma)

Marahaba. Kwenye mekanika ulikuwa unafuata kitu kimoja unachokiona: jiwe, gari, tofali linaloteleza kwenye ubao. Kwenye mawimbi kuna miendo miwili kwa wakati mmoja, na fomula haikwambii unaulizwa upi. Kabla ya kushika kikokotoo jiulize: nini kinasafiri, na nini kinabaki palepale?

Kumbuka tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko lilitokea karibu na Sumatra, na siku hiyohiyo mawimbi yakafika Somalia, Kenya na Tanzania. Maji ya Sumatra hayakuja huku. Kasi ya wimbi refu kama lile ni kipeuo cha pili cha zao la g (mchapuko wa graviti) na kina cha bahari. Weka kina cha mita 4,000 na utapata karibu mita 200 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilometa 700 kwa saa. Sasa tuseme huko kilindini wimbi limenyanyuka nusu mita tu. Maji yenyewe yanasogea sentimeta mbili au tatu kwa sekunde! Mwenye jahazi hapo juu hashtuki. Likifika kwenye kina cha mita 10, kasi imeshuka hadi kama mita 10 kwa sekunde. Mbele linajikokota, nyuma bado linasukuma, ndipo linapoinuka.

Rudi kwenye karatasi yako. Kamba ina wimbi lenye urefu wa mita 3, marudio 5 kwa sekunde, kimo sentimeta 2. Kasi ya wimbi ni 3 mara 5, mita 15 kwa sekunde. Kasi kubwa kabisa ya kipande cha kamba kinachopanda na kushuka ni 2π mara marudio mara kimo, kama mita 0.63 kwa sekunde. Wengi wakiulizwa hii ya pili hujibu 15. Fomula wanaijua, ila wamejibu swali la jirani.

Mhadhiri alisema elektroni kwenye waya zinatambaa polepole kuliko konokono. Mbona nikibonyeza swichi taa inawaka papo hapo? (Morogoro)

Hili nalipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Mhadhiri wako kasema kweli. Meta moja ya ujazo ya shaba ina elektroni huru zipatazo 8.5 × 10²⁸. Pitisha ampea 1 kwenye waya wa milimita 1 ya mraba, gawa, na kasi inatoka kama milimita 0.07 kwa sekunde. Elektroni ingehitaji karibu saa nne kumaliza mita moja. Ungekuwa unasubiri elektroni itoke swichini ifike kwenye taa, ungelala gizani.

Na huo ni mkondo mnyoofu, wa betri. Umeme wa nyumbani hugeuza mwelekeo, mizunguko 50 kila sekunde, kwa hiyo elektroni zinakwenda na kurudi bila kufika hata elfu moja ya milimita. Wewe wa Morogoro unakaa mkoa mmoja na bwawa la umeme la Kidatu, lakini hakuna elektroni iliyotoka Kidatu ikaingia kwenye taa yako. Isitoshe, njiani kuna transfoma, na ndani yake koili ya kuingizia na ya kutolea hazigusani.

Umewahi kuona wapasua mbao wawili, mmoja juu ya gogo, mmoja shimoni, wanavuta msumeno? Meno yanakwenda na kurudi palepale. Hakuna jino linalosafiri kutoka kwa wa juu likabaki kwa wa chini, na bado gogo linapasuka. Elektroni ni meno ya msumeno. Kinachosafiri ni nishati, kupitia uga wa umeme na usumaku unaozunguka waya, kwa kasi inayokaribiana na ya mwanga. Kutoka swichini hadi kwenye taa ya chumbani ni chini ya milioni moja ya sekunde.

Lugha yetu nayo inachangia mkanganyiko. Neno "umeme" tunalitumia kwa kila kitu: radi, mkondo, volteji, hata uniti za Luku. Ndiyo maana nasahihisha karatasi na kukuta "volteji inapita kwenye waya". Volteji haipiti. Mkondo ndio unaopita. Volteji ni tofauti iliyopo kati ya ncha mbili.

Kwenye maabara nachanganya wapi pa kuweka amita na wapi voltimita. Kuna njia ya kukumbuka?

Mimi nilikumbushwa na fyuzi. Mwaka wangu wa kwanza niliibandika amita moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri, nikidhani "napima mkondo wa betri". Sindano ikaruka ikagonga mwisho wa skeli, tik, kisha ikarudi sifuri ikatulia kabisa. Fundi wa maabara hakunigombeza. Alifungua kifuniko, akachomoa fyuzi yenye doa jeusi katikati, akaniwekea kiganjani na kuondoka.

Mkondo unapita ndani ya amita, kwa hiyo lazima ukate njia uiingize katikati, mfululizo, na ukinzani wake umefanywa mdogo sana ili isizuie. Voltimita inalinganisha pointi mbili, kwa hiyo inakaa sambamba, na ukinzani wake ni mkubwa ili isiibe mkondo.

Je, naweza kupita kozi hii bila kalkulasi?

Inategemea umesajiliwa wapi. Wa sayansi ya afya mara nyingi aljebra na trigonometria zinamtosha. Mhandisi, hapana.

Lenzi: kila kitabu kina alama zake za kujumlisha na kutoa. Nifuate kipi? Halafu lingine: mwanga ukiingia majini urefu wa wimbi unapungua, mbona nyekundu haigeuki rangi? (Mwalimu mtarajiwa, Mwanza)

Fuata cha mhadhiri wako, na usichanganye viwili katika swali moja. Lakini kwanza chora miale, hata kwa mkono, uone taswira itaangukia upande gani. Lenzi mbinuko ya umbali wa fokasi sentimeta 20: weka kitu kwenye sentimeta 30, taswira inatokea 60, upande wa pili. Kisogeze hadi 10, na kwa mfumo wa "halisi ni chanya" (umbali wa taswira halisi, inayoshikika kwenye skrini, hupewa alama ya kujumlisha) unapata –20. Hiyo alama ya kutoa inasema taswira iko upande uleule wa kitu, haishikiki kwenye skrini, na ni kubwa mara mbili. Kama mchoro wako umeshakuambia hivyo, alama haikutishi.

Kuhusu rangi, uliza tena nini kinabaki. Mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi nanometa 650 hewani unakuwa kama 489 majini, na wenye 489 hewani tungeuona wa kijani-buluu. Ila marudio hayabadiliki mpakani, kwa sababu kila mtetemo unaofika lazima uondoke. Na jicho linasoma marudio. Hata hivyo, ute uliojaa ndani ya jicho unapinda mwanga karibu sawa na maji. Kwa hiyo hata ukiwa nchi kavu, kila chekundu ulichowahi kukiona kilifika kwenye retina yako kikiwa na urefu ule uliopungua.