Usiifute Tom na Jerry, ila kaa naye mkitazama

Dada, umeuliza kama uifute Tom na Jerry, ile katuni ya paka na panya, kwenye flashi kwa sababu mwanao wa miaka minne kamtwanga mdogo wake na mwiko wa ugali, kisha akakaa pale akisubiri nundu ichomoze na ndege waanze kuzunguka kichwa. Na umesema mama mkwe anakuona unakuza mambo. Mimi nimelea wavulana watatu na nimefundisha chekechea hapa Tanga, kwa hiyo mnivumilie, jibu langu ni refu.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Hizi katuni hazikutengenezwa kwa ajili ya watoto tu. William Hanna na Joseph Barbera walizianza mwaka 1940 kwenye studio ya MGM, Marekani, na zilikuwa filamu fupi za kuonesha sinema kabla ya filamu kubwa kuanza, mbele ya watu waliolipa kiingilio, wakubwa kwa wadogo. Dakika saba hivi kila moja. Hadi 1958 hao wawili walikuwa wametoa 114, na 7 kati ya hizo zilipata Oscar. Ndiyo maana humo ndani utakuta sigara, pombe, paka anayetongoza, na hata mizaha ya kudhihaki watu weusi ambayo ikija mimi naruka moja kwa moja. Televisheni ndiyo iliyowaletea watoto majumbani baadaye.

Na maneno ni machache mno. Muziki wa Scott Bradley ndio unaosimulia, kila hatua ya paka ina ala yake, na yale makelele ya Tom akibanwa mkia ni sauti ya Hanna mwenyewe. Kwa hiyo huku kwetu haikuhitaji hata mtu wa kutafsiri kama zile filamu za vibanda vya video. Mtoto asiyejua neno la Kiingereza anacheka palepale anapocheka Mmarekani.

Sasa hilo la kwamba utundu humo ndani hauna matokeo. Nimelisikia sana kwa walimu wenzangu na silikubali. Katuni ya kwanza kabisa, ya 1940, imejengwa juu ya adhabu. Paka (wakati huo aliitwa Jasper) ameshaonywa na mama wa nyumba: ukivunja kitu kingine kimoja tu, nje! Kapanya kamesikia. Basi kanashika glasi na kumtishia nayo paka: nisogelee niiachie. Paka anatandaza mito sakafuni jinsi anavyoogopa kusikia kitu kinavunjika. Mwisho anatupwa nje vilevile. Ondoa lile onyo la mwanzoni, hakuna cha kuchekesha hata kidogo. Ya 1945 iitwayo "Quiet Please!" inakwenda hivyohivyo: mbwa Spike anataka kulala, ameapa kwamba akisikia kelele moja tu Tom atakiona, na Jerry naye anahakikisha kelele zinapatikana. Darasani kwangu watoto walikuwa wanapiga ukelele "Atapigwaaa!" hata kabla kitu hakijaanguka. Mtoto wa miaka minne anayeweza kutabiri adhabu inayokuja huwezi kuniambia hajui matokeo ni nini.

Tena wanajua nani kaanza. Hili ndilo lililonishangaza zaidi. Tafuta "The Million Dollar Cat" ya 1944. Tom anarithi dola milioni moja kwa sharti kwamba asimdhuru kiumbe chochote, hata panya. Jerry akiligundua hilo, basi hana adabu tena: anajilia kifungua kinywa cha mwenzake, anampokonya kitanda, na kila Tom akinyanyua mkono anakumbushwa ile telegramu iliyoleta habari za urithi na sharti lake. Wanangu, ambao siku zote ni watu wa Jerry, walihamia upande wa Tom mmoja baada ya mwingine. Tom alipoichana telegramu na kumrukia panya, yule mkubwa alisimama akapiga makofi. Hakuna aliyemfundisha. Uchokozi ukishazidi mno, mtoto anadai malipo, awe mchokozi ni mdogo au mkubwa.

Jaribu sasa kumwekea zile zilizotengenezwa Prague 1961 na 1962 na Gene Deitch. Ziko 13. Kuna baba mmoja mnene mwenye hasira, Jerry anafanya vitimbi, anayesingiziwa ni Tom, na yule baba anamwadhibu Tom kwa ukatili hadi mtu mzima unajisikia vibaya. Kipigo ni kilekile cha siku zote, lakini sebuleni kwangu hapakuwa na kicheko. Wa katikati aliinuka akaenda kunywa maji. Walichokosa ni haki, maana Tom wa kawaida akipigwa unajua alikuwa anamwinda mtu.

Kwa hiyo mama mkwe ana hoja. Lakini na wewe unayo, na yako ina ushahidi wa watu waliokaa wakapima. Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alifanya majaribio na watoto wa chekechea katika miaka ya 1960, akiwaonesha mtu mzima akilitwanga lisesere la kupuliziwa hewa, na wao wakaja kulitwanga vilevile, mpaka kwa maneno yaleyale. Kuna jaribio moja alimtumia mtu aliyevaa kama paka wa katuni. Ila lililo muhimu kwako ni lile la 1965. Watoto wengine walioneshwa mpigaji akizawadiwa, wengine akiadhibiwa, wengine hakufanywa kitu. Waliomwona akiadhibiwa ndio walioiga kwa uchache kuliko wote. Ungedhani mambo yameishia hapo. Kisha watoto wakaahidiwa juisi na picha za kubandika kwa kila kitendo watakachokumbuka, na tofauti ikafutika: wote walikuwa wameshika namna ya kupiga.

Hapo mimi ndipo nilipoelewa nyumba yangu. Adhabu anayoipata Tom inamzuia mtoto kidogo, ila ile hila yenyewe imeshaingia kichwani na inasubiri siku yake. Na Tom akipondwa na pasi, akabapatika kama chapati, picha inayofuata amenyooka. Kidonda hakuna, mdomo wa kushonwa hakuna, mama asiyelala usiku kucha hakuna. Hicho ndicho kipande katuni haina, na usiidai, maana ikiwa nacho haichekeshi tena. Hicho unakitoa wewe.

Wangu wa katikati alimwaga mafuta ya kupikia kwenye sakafu ya veranda akajificha nyuma ya mlango. Kaka yake alipita mbio, akateleza, akapasuka mdomo. Yule mtundu alicheka kwanza, halafu alipoona damu haikomi akabadilika rangi. Sikumchapa. Nilimbeba pamoja nasi hadi zahanati, akaketi anaangalia kaka yake akishonwa, na tuliporudi akapewa kitambaa, sabuni na majivu asugue veranda hadi isiteleze. Kwa muda kaka mtu alikuwa hali pilipili wala embe bichi, na mdogo alikatazwa kula vitu hivyo mbele yake. Hili la embe ndilo lililomuuma kuliko yote, msimu wenyewe ulikuwa umeanza!

Kwa huyu wa mwiko ningefanya hivyohivyo kwa kiasi chake. Yeye ndiye abonyeze kitambaa cha maji baridi kwenye nundu ya mdogo wake mpaka mkono umchoke, na mwiko huo aukose hata akitaka kucheza kupika. Halafu mkitazama tena, kaa naye. Uliza mambo mawili tu, nani kaanza, na angekuwa mdogo wako ingekuwaje. Usizidishe. Ukigeuza katuni kuwa somo la dini utabaki unatazama peke yako.

Kuna moja lakini inayojifundisha yenyewe, "Heavenly Puss" ya 1949. Tom anapondwa na piano, anafika kwenye kituo cha treni ya kwenda peponi, na mlinzi anafungua daftari: maisha yako yote umemtesa panya huyu. Anapewa saa moja arudi duniani, Jerry atie sahihi hati ya msamaha, la sivyo ni sufuria la moto na yule mbwa chini akimsubiri kwa uchu. Basi utamwona Tom akibembeleza, akileta keki, akighushi sahihi. Anachelewa, anatumbukia, kisha anaamka: kumbe alikuwa usingizini na kaa la moto limemrukia. Mwanangu mdogo alinyamaza katuni nzima. Iache kwanza mpaka afike miaka sita, na "Blue Cat Blues" ya 1956 usimwekee kabisa, hiyo inaishia paka na panya wamekata tamaa, wamekaa kwenye reli wanasubiri treni. Ni ya watu wazima.

Na ukishawishika kununua zile "salama", ujue zilishajaribiwa. Mwaka 1975 Hanna na Barbera walitoa mfululizo wa televisheni ambamo Tom na Jerry ni marafiki, kwa kuwa vipindi vya watoto Marekani vilikuwa vimebanwa kuhusu mapigano. Jerry kavaa tai nyekundu ya kipepeo, wanasafiri pamoja, wanasaidiana. Niliwawekea wanangu. Wakatazama kwa adabu kama wageni, hadi yule mdogo akanigeukia akauliza, "Mama, hawa wanaanza saa ngapi?"