Juma Kuu mjini Antigua: maswali ya wasomaji

SWALI: Mimi na mwenzangu tunataka kwenda Antigua, Guatemala, kuona maandamano ya Juma Kuu 2027. Tulale Jiji la Guatemala, halafu Ijumaa Kuu twende na kurudi? Na mwinuko hautatusumbua? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kwenda na kurudi siku hiyo msijaribu. Umbali ni kilomita 40 hivi tu, lakini Ijumaa Kuu, tarehe 26 Machi, mitaa ya katikati hufungwa na foleni ya magari huwa ndefu. Isitoshe, mambo mazuri hufanyika kabla jua halijachomoza. Fikeni Jumatano, chumba kiwe ndani ya mji, nacho kiwekwe miezi mingi kabla.

Usiku wa Alhamisi msilale. Ndipo familia huinama barabarani mbele ya nyumba zao zikitandaza mazulia ya unga wa mbao wenye rangi. Alfajiri maandamano hutoka kanisa la La Merced na kupita juu ya mazulia hayo. Nyuma yake huja wafagiaji. Mkichelewa kwenye mtaa fulani, mtakuta mawe matupu. Wabebaji wa jukwaa zito la sanamu hupangwa kwa kimo cha bega, la sivyo warefu wataelemewa peke yao. Mavazi yao ya zambarau hugeuka meusi kuanzia saa tisa alasiri. Pumzikeni mchana, mtoke tena jioni kwa maandamano ya maziko ya Yesu. Ubani hufuka sana. Mwenye pumu asimame mbali.

Mwinuko ni mita 1,500 na ushee. Kwa mtu wa Arusha si kitu. Volkano ya jirani ya Acatenango, karibu mita 4,000, hiyo ndiyo ya kujiandaa kwa makoti.

SWALI: Unga wa mbao haupeperuki? Parokia yetu ingependa kujaribu. (Katekista, Iringa)

JIBU: Hupeperuka ukikauka, ndiyo maana hunyunyiziwa maji mara kwa mara. Chekecheni unga kwanza, kwani vipande vikubwa huharibu kingo za maua. Sawazisheni barabara kwa mchanga au unga usio na rangi, uloanisheni, ndipo muweke violezo vya kadibodi, rangi moja baada ya nyingine. Anzeni katikati mkielekea pembeni; anayefanya kazi ya katikati apige magoti juu ya ubao ulioegemezwa pande mbili. Maji yawe ya manyunyu tu. Bomba la kawaida hufukua mchoro, na rangi zikilowa kupita kiasi huingiliana.